Kuchagua na Kufunga SSD Kwenye Laptopu: Anza na Sloti, Duka Baadaye

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Posta, Dar es Salaam, zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, bado zina mwili imara na prosesa inayotosha kazi za kila siku. Kinachozichosha ni diski. Hard disk, yaani diski ya sahani, ya kuzunguka mara 5400 kwa dakika inaweza kusoma faili moja kubwa kwa kasi ya megabaiti 100 hivi kwa sekunde. Lakini Windows haiwaki kwa kusoma faili moja kubwa. Inawaka kwa kuokota maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, na hapo sindano ya diski inaruka huku na kule, kasi inaanguka hadi megabaiti moja au mbili. Ndiyo ile hali ya kubonyeza kitu, taa ya diski ikawaka bila kuzima, na wewe unaangalia duara likizunguka. SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sindano wala sahani. Inaokota kila faili palepale ilipo.

Kosa linalokula pesa za watu ni kuanzia dukani. Mtu anakwenda Mtaa wa Aggrey, anaona boksi limeandikwa megabaiti 7000 kwa sekunde, ananunua, anafika nyumbani Mbagala au Tegeta na kukuta laptopu yake haina hata mahali pa kuichomeka. Laptopu ndiyo inayochagua diski. Kwa hiyo tunaanza na laptopu.

Hatua ya kwanza: ijue sloti yako

Tafuta jina kamili la modeli. Usitosheke na "HP EliteBook". Unahitaji "HP EliteBook 840 G3", kwa sababu G1 na G3 ni mashine mbili tofauti kabisa upande wa diski. Kama stika ya chini imefutika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa System Model. Ukiwa na jina hilo, pakua kitabu cha matengenezo kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. HP, Dell na Lenovo wanavitoa bure, na ndani yake kuna picha za kufungua kava hatua kwa hatua na orodha ya diski zinazokubalika. Bando utakalotumia kukipakua ni dogo kuliko nauli ya kurudi Kariakoo kubadilisha kitu.

Utakachokuta ni kimojawapo kati ya hivi.

Diski ya inchi 2.5 ya SATA ndiyo ya kawaida kwenye mashine za zamani. Ina ukubwa ule ule wa hard disk ya laptopu, ikiwa na soketi mbili bapa upande mmoja, moja ya data na moja ya umeme. SSD za aina hii karibu zote zina unene wa milimita 7. Laptopu ya zamani yenye nafasi ya milimita 9.5 itaichukua bila shida, ila itacheza kidogo. Weka fremu ya plastiki ya milimita 2.5 ili ikae.

mSATA ni kadi ndogo iliyotumika kwa miaka michache tu, kwenye mashine kama ThinkPad T430. Ukiikuta, ujue kuwa kuitafuta madukani kutakuchosha. Mashine hizo huwa na nafasi ya inchi 2.5 pia, tumia hiyo.

M.2 ndipo palipo na mtego, na hapa inafaa kutulia. M.2 ni jina la umbo tu: kadi nyembamba yenye upana wa milimita 22. Namba kama 2280 au 2242 inasema upana na urefu, yaani milimita 22 kwa 80, au 22 kwa 42. Lakini ndani ya umbo hilo hilo kuna diski za lugha mbili, SATA na NVMe, na sloti isiyoelewa lugha ya diski haitaiona kabisa hata kama imeingia vizuri.

Shika kadi mkononi, utazame meno yake ya dhahabu. Ikiwa na mapengo mawili, moja karibu na kila upande, mara nyingi ni SATA. Ikiwa na pengo moja tu, lililoacha meno matano upande mfupi, mara nyingi ni NVMe. Tunasema "mara nyingi" kwa sababu zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, kwa hiyo maandishi ya lebo ndiyo yanayomaliza ubishi. Na jambo linalowaponza hata mafundi: kadi ya SATA yenye mapengo mawili inaingia bila kulazimishwa kwenye sloti iliyotengenezwa kwa NVMe peke yake. Inakaa, skrubu inafunga, kava linarudi, na BIOS (programu ya bodi inayoiwasha laptopu kabla ya Windows) inasema hakuna diski. Diski haijafa wala sloti haijaharibika. Zinaongea lugha tofauti.

Mifano michache ya mashine zinazopatikana sana. EliteBook 840 G3 ina nafasi ya inchi 2.5 na sloti ya M.2 2280, kwa hiyo inaweza kubeba diski mbili kwa pamoja. ThinkPad T450 inachukua inchi 2.5 ya milimita 7. ThinkPad T480 inachukua ama SATA ya inchi 2.5 au NVMe iliyowekwa kwenye fremu yake maalumu, na fremu hiyo inapitisha njia mbili tu za PCIe (barabara ya data ambayo NVMe hutumia) badala ya nne. Kasi yake inaishia karibu nusu ya ile ya NVMe ya kawaida ya PCIe 3.0, hivyo usiingie gharama ya diski ya kasi kubwa kwa mashine hiyo. Upande wa Apple, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 isiyo na skrini ya Retina inachukua SATA ya inchi 2.5, MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina soketi ya Apple peke yake, na MacBook Air kuanzia ya 2018 diski yake imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Laptopu ndogo za bei ya chini zenye eMMC (chipu ndogo ya hifadhi) ya gigabaiti 32 au 64 nazo kwa kawaida ndiyo hivyo.

Kabla ya kufunga kava, angalia na vifaa vidogo. Laptopu za mtumba mara nyingi zilitolewa diski kabla ya kusafirishwa, na pamoja na diski vikaondoka kebo, fremu na skrubu. Ukikuta nafasi ya inchi 2.5 iko wazi lakini kebo yake haipo, itabidi uitafute kebo ya modeli hiyo hiyo. Sloti ya M.2 bila skrubu yake pia ni jambo la kawaida. Skrubu hiyo ni ya M2, urefu wa milimita 3 hivi. Mwombe muuzaji akupe siku ile ile unaponunua.

Hatua ya pili: jiulize kama mashine inastahili

Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. T480 yenye prosesa ya kizazi cha nane inapita, T450 na 840 G3 hazipiti kwa njia rasmi. Hilo halimaanishi uzitupe. Kwa mwanafunzi au ofisi ndogo, Linux Mint juu ya SSD ya SATA inaifanya T450 iwe nyepesi. Ila usiweke diski ya bei kubwa kwenye mashine hiyo.

Tazama na RAM. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 itaendelea kusumbuka hata baada ya SSD, kwa sababu kumbukumbu ikijaa inamwagia kazi kwenye diski. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu na RAM ni 8, nunua SSD. Kama RAM ni 4, nunua SSD ya ukubwa wa kawaida na chenji iende kwenye RAM.

Hatua ya tatu: ukubwa, chipu na kasi

Kwa watu wengi ukubwa wa kuanzia ni gigabaiti 480 au 500. Zile za 240 na 256 zinatosha kwa Word, Excel na kivinjari, lakini zikijaa zinapungua kasi, na kwenye Windows zinajaa upesi. Usishtuke Windows ikikuonyesha 465 kwenye diski ya 500, au 223 kwenye ya 240. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Hujaibiwa.

Kuhusu chipu, utasikia TLC na QLC. TLC inahifadhi biti tatu katika kila seli, QLC nne. Zote mbili zinakwenda mbio mwanzoni kwa sababu zina eneo dogo la haraka linalopokea data kwanza. Eneo hilo likijaa, tuseme unakopi gigabaiti 100 za video za harusi, QLC inaweza kushuka hadi kasi ya hard disk au chini yake. Anayehariri video achukue TLC bila mjadala. Anayeandika ripoti na kutuma barua pepe hataona tofauti.

Uimara unapimwa kwa TBW, jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa kabla waranti haijakoma. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 ina TBW 300 na waranti ya miaka 5. Crucial BX500 ya 480 ina 120 na miaka 3. Kingston A400 ya 480 ina 160 na miaka 3. Sasa piga hesabu: mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku anafikisha terabaiti 7.3 kwa mwaka. Hata ile ya 120 inampeleka zaidi ya miaka 16. Kwa hiyo kwa kazi za ofisi TBW isikunyime usingizi.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo jambo la mwisho kuliangalia. SATA inaishia megabaiti 550 hivi kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 karibu 3500, ya PCIe 4.0 karibu 7000. Ukiiweka ya 4.0 kwenye sloti ya 3.0 itafanya kazi, kwa kasi ya 3.0. Kutoka hard disk kwenda SSD ya SATA utaona mabadiliko makubwa sana. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa matumizi ya kawaida, utayatafuta. Kama laptopu yako inachukua SATA tu, huna cha kujutia.

NVMe inapata joto. Ikifika nyuzi 70 hadi 80 hivi inajipunguza kasi yenyewe isiungue, na chumba cha Dar mwezi Februari hakiisaidii. Usinunue yenye bati nene la kupozea juu yake. Ndani ya laptopu kava halitafunga. Acha matundu ya hewa wazi, usiitumie juu ya godoro.

Hatua ya nne: dukani, na jinsi ya kuikwepa feki

SSD feki zipo za namna mbili. Ya kwanza ni diski ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa: ndani kuna gigabaiti 64, Windows inaonyesha terabaiti 2. Unakopi, majina ya faili yanaonekana yote, lakini ukifungua za mwisho hazifunguki, kwa sababu data iliandikwa juu ya data nyingine. Ukipasua kasha la baadhi ya hizi unakuta bodi ndogo yenye kadi za memori za simu zimechomekwa. Ya pili ni diski iliyotumika sana, ikabandikwa lebo mpya.

Ukienda kununua beba laptopu inayowaka, kebo ya USB kwenda SATA au kesi ya USB ya NVMe, na programu ya CrystalDiskInfo, inayosoma hali ya diski, uliyokwisha kuipakua. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kupima. Fuata mpangilio huu:

1. Linganisha serial namba ya boksi na ya lebo ya diski. Kisha ifungue CrystalDiskInfo na ulinganishe na ya tatu, inayotoka ndani ya diski yenyewe. Zote tatu zifanane.
2. Soma saa za kuwaka na idadi ya kuwashwa. Diski mpya iwe na sifuri au namba ndogo sana. Ya mtumba yenye saa 9000 si mbaya kama afya iko juu, ila bei yake iwe ya mtumba.
3. Soma jumla ya data iliyoandikwa, uilinganishe na TBW ya modeli hiyo.
4. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na serial namba, na waranti ya duka iandikwe juu yake kwa tarehe. "Ukipata shida njoo tu, kaka" si waranti.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chochote, ijaze diski nzima kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux. Programu inaandika hadi mwisho, kisha inasoma tena kila kitu kuona kama kimerudi vilevile. Kwa diski ya 480 kwenye mlango wa USB 3 hesabu saa moja hivi. Kwenye mlango wa USB 2 kuandika peke yake kunaweza kuchukua saa nne, kwa hiyo tafuta mlango wenye alama ya SS au rangi ya bluu. Fanya kipimo hiki siku ile ile ya kununua, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Hatua ya tano: kunakili au kuanza upya

Kwanza bakapu. Picha, kazi za shule, hesabu za biashara, vyote viwe kwenye diski nyingine ya nje kabla hujagusa bisibisi.

Kwa laptopu ya mtumba tunashauri kuanza upya, yaani kuweka Windows mpya kwenye SSD. Hujui aliyekutangulia aliweka nini ndani. Kama Windows ni halali, leseni yake imeshikana na bodi, si diski. Ukiweka toleo lile lile na kuunganisha intaneti inajiamsha yenyewe. Unahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi na programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi ya Windows.

Ukichagua kunakili, yaani kuihamisha diski ya zamani yote kama ilivyo, programu ya Clonezilla ni ya bure, na Samsung, Crucial, WD na Kingston wana programu zao kwa wateja wao. Angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, maana Windows 11 huifunga bila mwenyewe kujua. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, andika manage-bde -off C: na usubiri imalize.

Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Ukitoka hard disk ya 1000 kwenda SSD ya 500 lazima ukipunguze kwanza kizigeu (partition) cha zamani, na hapo ndipo umeme ukikatika unaumia. Laptopu nyingi za mtumba betri zake zimekufa, zinaishi kwa chaja. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski ya zamani inabaki salama kwa kuwa inasomwa tu, utaanza upya. Ukikatika wakati wa kupunguza kizigeu, unaweza kupoteza vyote. Kama betri haishiki, tumia UPS.

Hatua ya sita: kufunga

Unahitaji bisibisi ya nyota ya PH0 na PH00, kadi ya plastiki ya kubandulia kava, na karatasi. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa iweke mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu skrubu ndefu ikirudi kwenye tundu fupi inatoboa sehemu ya juu au bodi. Zima feni ya mezani, na uwe na kitambaa cha kujifuta: tone la jasho kwenye bodi ni hatari ya kweli kwa mji huu. Skrubu zilizoota kutu kwa hewa ya bahari usizizungushe kwa pupa. Weka kipande cha rababendi kati ya bisibisi na kichwa cha skrubu, kandamiza, zungusha polepole.

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, chomoa soketi yake kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye ThinkPad unaweza pia kuizima kupitia BIOS. Gusa chuma kisicho na rangi utoe umeme tuli. Diski ya inchi 2.5 inavutwa kwa kuiteleza kando, si kuinyanyua. Hamisha fremu na kebo yake kwenye SSD mpya. Kadi ya M.2 iingize ikiwa imeinama nyuzi 30 hivi, isukume hadi meno ya dhahabu yazame karibu yote, kisha ilaze kwa kidole na ufunge skrubu. Ikigusa tu, acha. Ukikaza zaidi unapinda kadi.

Hatua ya saba: kuwasha, na yanayogoma

Ingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad nyingi. Diski ionekane kwa jina.

Haionekani? Rudi kwenye sloti na lugha yake, kisha uangalie kebo. MacBook Pro za 2012 zinajulikana kwa kebo ya SATA inayochoka. Diski mpya ikigoma humo, shuku kebo kwanza.

Inaonekana BIOS lakini Windows haiioni wakati wa kuweka? Kwenye mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, mara nyingi ni VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski. Izime kwenye BIOS, au weka draiva ya Intel RST kwenye flashi uipakie pale.

Umenakili, ikawaka kwa skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE? Kwenye BIOS, mpangilio wa diski wa Dell wengi huwa ni RAID. Ukibadilisha kwenda AHCI baada ya Windows kuwekwa, haiwaki. Rudisha kama ilivyokuwa.

NVMe inaonekana kama hifadhi lakini mashine haiwaki kutoka kwake? BIOS za kabla ya 2015 hivi nyingi hazijui kuwaka kutoka NVMe. Acha Windows kwenye SSD ya SATA, NVMe ibaki ya faili.

Ikishawaka, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi, yaani diski inajulishwa faili zilizofutwa ili isafishe nafasi. Ndiyo sababu pia faili iliyofutwa kwenye SSD ni vigumu sana kuirudisha, hata kwa fundi mzuri. Bakapu ibaki tabia ya kila wiki. Acha asilimia 15 ya diski wazi.

Hard disk ya zamani iwekee kesi ya USB iwe ya bakapu. Kama unataka kuiuza, kumbuka kuwa kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Faili zako zinabaki pale kwa yeyote mwenye programu ya kurejesha. Fomati bila kuweka tiki ya Quick Format, uiache ipite diski nzima usiku kucha, ndipo uipeleke sokoni.